Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wazee wetu walijua kuhesabu majira. Walijua siku za kutayarisha shamba, siku za kupanda, na siku za kuhamisha ng'ombe. Njaa na mafuriko waliyaona pia, hilo hatulikatai. Walakini katikati ya misiba hiyo majira yalishika njia yake, na mtu aliweza kuyategemea. Leo mkulima apanda mara mbili, hata mara tatu, katika msimu mmoja, kwa kuwa mvua ya kwanza imemdanganya. Mfugaji atembea na ng'ombe wake akitafuta maji mahali ambapo baba yake hakupata kuyatafuta. Na mvua inapokuja, pengine huja yote kwa siku chache. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mvua na mafuriko ya msimu ule yalikuwa yamekwisha kuua watu 155 katika nchi yetu.

Hatusemi kwamba kila ukame na kila mafuriko yana sababu hiyo moja. Lakini wataalamu wa mataifa yote, katika taarifa yao ya mwaka 2023, walieleza wazi kwamba joto la dunia limepanda kwa digrii 1.1 hivi kuliko lilivyokuwa kati ya miaka 1850 na 1900, na kwamba sababu yake ni kazi za wanadamu, yaani kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kufyeka misitu. Mambo haya yamekwisha kuandikwa mara nyingi, nasi leo hatukukusudia kuyarudia. Twataka kufundisha jambo moja lisilosemwa mara nyingi, nalo ni hili: kujikinga na mabadiliko ya tabianchi huamuliwa hasa kijijini na mtaani, na shauri lililoamuliwa bila wale watakaolibeba halidumu.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuzuia chanzo cha joto lenyewe. Hilo lawapasa zaidi wale wenye viwanda vikubwa, mitambo ya makaa ya mawe na magari yasiyohesabika. Nchi zetu za Afrika zimechangia sehemu ndogo sana. La pili ni kujikinga na madhara ambayo yamekwisha kutufikia. Hilo haliwezi kungoja mikutano ya mataifa. Ng'ombe wachungwe wapi wakati wa kiangazi? Msitu upi ufungwe usikatwe? Kisima kichimbwe katika kitongoji kipi? Ni nani ahame kutoka bondeni, naye apewe kiwanja wapi? Maswali hayo hayajibiwi Paris wala New York. Hujibiwa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, siku ya mkutano. Na yasipojibiwa pale na watu wote, hujibiwa ofisini na watu watatu au wanne, na wengine wakaletewa habari tu.

Somo la Shinyanga

Ili tusiseme maneno matupu, tutazame mfano wa nchini mwetu wenyewe. Katika miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni ilianza kufyeka misitu ya Shinyanga ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba kikapanuka, mifugo ikaongezeka, na kuni zikazidi kutakiwa. Hata hivyo Wasukuma walikuwa na desturi yao ya zamani iitwayo ngitili. Eneo la malisho hufungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti huachwa ikue, kisha eneo hufunguliwa katika kiangazi, wakati majani yamekwisha mahali pengine. Ngitili ilikuwa ghala la ng'ombe, kama vile kihenge kilivyo ghala la watu.

Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walihamishwa kutoka makao yao ya zamani wakakusanywa vijijini. Hatuandiki ili kuhukumu shabaha ya wakati ule, ambayo ilikuwa kuwapelekea watu shule, maji na zahanati. Twataja tokeo moja tu: watu waliziacha ngitili zao nyuma, na ngitili isiyo na mwenyewe haina mlinzi. Desturi ikadhoofika. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Mkoa wa Shinyanga ilikuwa imebaki tupu hata ikaitwa Jangwa la Tanzania. Mkoa huo wakati ule ulikuwa mkubwa kuliko sasa, maana baadhi ya wilaya zake tangu mwaka 2012 zimo katika mikoa ya Simiyu na Geita.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI. Mwanzoni kazi kubwa ilikuwa kuotesha miche katika vitalu na kuwahimiza watu wapande miti. Lakini mabwana misitu walipokaa na wenyeji na kuwasikiliza, waliona kwamba katika sehemu nyingi hapakuwa na haja kubwa ya kuleta mti mgeni. Visiki na mizizi ya miti ya asili ilikuwa ingali hai ardhini, nao wenyeji walijua tangu zamani namna ya kuipumzisha ardhi mpaka miti ichipuke yenyewe. Basi mpango ukaigeukia ngitili, na desturi iliyokuwa ikisahauliwa ikawa ndiyo msingi wa kazi.

Na maamuzi yalipita wapi? Yalipita katika serikali za vijiji, na pia katika dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, ambamo watu huketi na kujitungia masharti. Pale ndipo lilipoamuliwa eneo gani lifungwe, lini lifunguliwe, na atozwe nini atakayevunja. Sungusungu wakalinda. Aliyeingiza ng'ombe wake katika ngitili iliyofungwa alitozwa faini kwa masharti ya baraza lake mwenyewe; hakuweza kusema kwamba ni amri ya mgeni.

Matokeo yake yameandikwa. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba zilikuwa zimefika hekta 300,000 au zaidi, katika vijiji 833. Wachunguzi hao walikadiria kwamba faida ya ngitili, kwa malisho, kuni, nyasi za kuezekea, dawa na asali, ilikuwa kama dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi. Walihesabu pia aina 145 za ndege katika maeneo ambayo zamani yalikuwa tupu. Mfugaji mwenye ngitili, mvua ikichelewa, ana mahali pa kukimbilia. Hiyo ndiyo maana ya kujikinga na mabadiliko ya tabianchi, ingawa walioianza desturi hiyo hawakulijua neno hilo.

Walakini tusiipambe habari hii kupita kiasi. Ngitili nyingi zilikuwa mali ya kaya zenye ardhi nyingi, na maskini asiye na ardhi alipata kidogo. Wanawake, ambao ndio wapata taabu ya kuni na maji, mara nyingi hawakuwa na sauti wakati wa kuamua. Hapo pana somo la pili: mtu akifungiwa mlango wa baraza, faida nayo humpita.

Kwa nini shauri la pamoja hudumu

Mtu atauliza: kwa nini amri iliyotoka juu ilishindwa mahali ambapo shauri la watu lilifaulu? Twaona sababu tatu.

Ya kwanza ni maarifa. Mtaalamu ajua wingi wa mvua ya mkoa kwa mwaka. Hilo ni jambo kubwa, wala hatulidharau. Lakini mwenyeji ajua kwamba kijito fulani hukauka mwezi wa nane, kwamba mafuriko ya mwaka fulani yalifika kwenye mbuyu fulani, na kwamba njia ya ng'ombe hupita pale panapotakiwa kujengwa bwawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpango usiokuwa na maarifa yote mawili ni mpango wa jicho moja.

Ya pili ni utii. Hakuna serikali iwezayo kuweka askari kwenye kila mti. Msitu wa kijiji hulindwa na watu wenyewe, nao hulinda kile walichokubali kwa midomo yao. Mtu aliyesema "ndiyo" mbele ya jirani zake ataona haya kuvunja neno lake usiku. Mtu aliyeletewa amri atangoja tu mlinzi alale.

Ya tatu ni haki. Kila hatua ya kujikinga ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtu fulani. Msitu ukifungwa, mchoma mkaa hukosa riziki yake. Bonde likipigwa marufuku kulimwa, mjane mwenye bustani yake pale hupoteza mboga za watoto wake. Pengine ni lazima iwe hivyo kwa faida ya wote. Lakini haifai mtu atwikwe mzigo huo bila kuulizwa, wala bila kutafutiwa namna nyingine ya kuishi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba katika mashauri ya mazingira wenyeji wa mahali wapewe nafasi ya pekee, kwa kuwa wao ndio wajiulizao watakalo kwa ajili yao na kwa ajili ya watoto wao.

Sheria yasemaje?

Wengi hudhani kwamba kuitwa mkutanoni ni hisani ya mwenyekiti. Sivyo. Katiba yetu, katika Ibara ya 21, yampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika maamuzi yanayomhusu yeye, maisha yake na Taifa. Tena Ibara ya 146 yaeleza kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 yasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18. Wasomaji wetu na waliangalie neno hilo vizuri. Sheria haikusema kila kaya ipeleke mtu mmoja. Haikusema baba awasemee mama na vijana. Imesema kila mtu mzima. Mkutano huo hukutana kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, hutumikia mkutano huo. Haiko juu yake.

Ipo pia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila kibali cha mkutano mkuu. Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, yakiwezesha kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kuusimamia. Na kijiji kinapotaka kutunga sheria ndogo, mathalani ya kuzuia kulima kandokando ya mto au kuchoma moto mashamba, halmashauri yake hutakiwa kwanza kuuita mkutano na kusikiliza maoni ya watu, kisha sheria hiyo hupelekwa kwa halmashauri ya wilaya ili ikubaliwe. Maana yake ni kwamba silaha kubwa za kujikinga na ukame na mafuriko, yaani ardhi, misitu na sheria ndogo, zimewekwa karibu kabisa na mikono ya mwananchi wa kawaida. Lililobaki ni yeye kunyosha mkono.

Waliojaribu mahali pengine

Tusidhani kwamba wenzetu wa nchi tajiri wametutangulia katika kila jambo. Ufaransa, mwaka 2019, ilikusanya raia 150 waliochaguliwa kwa kura ya bahati, wanaume kwa wanawake, ili washauri juu ya kupunguza moshi wa nchi yao. Walisikiliza wataalamu, wakajadiliana, na mwezi Juni 2020 wakatoa mapendekezo 149. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini baadhi ya mapendekezo yalikataliwa, na mengine yakapunguzwa nguvu kabla ya kutiwa katika sheria. Mwezi Februari 2021 wajumbe walipokutana kupima namna walivyosikilizwa, waliipa Serikali yao alama za chini. Ndivyo ilivyo: kuulizwa ni kitu kimoja, na kusikilizwa ni kitu kingine. Raia wale walikuwa na ruhusa ya kushauri tu. Mkutano mkuu wa kijiji cha Tanzania, katika mambo ya ardhi yake, una mamlaka ya kukubali na ya kukataa. Ni ajabu basi kwamba wale wenye mamlaka ndogo walikaa miezi tisa wakishauriana, na sisi wenye mamlaka kubwa twakosa kutoa asubuhi moja katika miezi mitatu.

Jirani zetu wa Kenya nao wana jambo la kutufundisha, hasa juu ya fedha. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni, nchi ya ukame, ilitunga kanuni za mfuko wake wa mabadiliko ya tabianchi, ikazitangulia kaunti nyingine zote. Katika utaratibu uliojaribiwa huko, na pia katika kaunti za Isiolo, Kitui, Garissa na Wajir, wananchi wa kila wadi waliwachagua wajumbe wa kamati yao, na kamati hiyo ikapanga miradi itakayofanywa. Katika kila fedha 100 za mfuko, 70 ziliwekwa kwa miradi ya wadi, 20 kwa miradi ya kaunti nzima, na 10 kwa gharama za uendeshaji. Watu walipoachiwa kuchagua, wengi walichagua maji. Huko Isiolo walichagua pia kulitia nguvu dedha, baraza la wazee wa Waborana lisimamialo malisho na visima. Mtu wa mbali asingefikiri kwamba baraza la wazee ni kinga ya ukame. Lakini wafugaji walijua kwamba kisima kisicho na utaratibu hukauka upesi kuliko kisicho na mvua. Kwetu pia majaribio ya namna hiyo yalifanywa katika wilaya za Monduli, Longido na Ngorongoro.

Mkataba wa kaboni

Wengine watasema haya yote ni mambo ya kungoja. Hasha! Lipo jambo lililo mlangoni leo. Katika miaka ya karibuni wageni wamekuwa wakifika vijijini na neno jipya: biashara ya kaboni. Maana yake ni hii: miti na udongo huvuta na kuihifadhi hewa ya ukaa, ambayo ndiyo yazidisha joto la dunia. Kampuni au mtu wa mbali anayetoa moshi mwingi hulipa fedha ili msitu au malisho ya mahali fulani yatunzwe, kisha hujihesabia faida ya utunzaji huo.

Biashara hiyo si mbaya kwa asili yake. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadza wamepata fedha kwa kuutunza msitu wanamowinda na kurina asali. Lakini tukumbuke kwamba mwaka 2011 walipata hati ya pamoja ya haki ya kimila juu ya ardhi yao. Mwenye hati huzungumza na mgeni akiwa amesimama imara. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vimepata fedha za namna hiyo na kuzitumia kwa madarasa na zahanati. Mwaka 2022 Serikali ilitoa kanuni za kuiongoza biashara hii.

Walakini mkataba wa namna hii hufunga matumizi ya ardhi kwa miaka mingi, mara nyingi 20, 30 au zaidi. Mtoto anyonyaye leo atakuwa mtu mzima mwenye watoto, na mkataba ungali ukimwamuru achunge wapi na asikate nini. Je, yafaa mkataba kama huo utiwe saini na watu wachache, katika lugha ambayo wanakijiji hawaielewi, baada ya mkutano wa saa moja? Kabla ya kunyosha mkono, kila kijiji kina haki ya kuuliza na kujibiwa kwa Kiswahili: Mkataba ni wa miaka mingapi? Fedha zitagawanywaje, na nani atazihesabu mbele yetu? Malisho ya kiangazi yatabaki wapi? Ukija ukame mkubwa, sharti la malisho litalegezwa? Tukitaka kujitoa, twaweza, na kwa gharama gani? Kijiji kikiuliza hayo na kupata majibu mazuri, na kikubali. Kikikosa majibu, na kingoje. Mgeni mwema hakasiriki akiulizwa. Na aliyekuja na haraka kubwa ana jambo analolijua ambalo mwenyeji halijui.

Wasemayo wapinzani

Wako wasemao: "Wananchi hawakusoma, mambo ya tabianchi ni ya wataalamu." Tumekwisha kulijibu kwa habari ya Shinyanga, ambako wasiosoma ndio waliokuwa na dawa, na wataalamu wenye hekima ndio walioitambua. Mtaalamu hana budi kuwapo mkutanoni, aeleze kwa maneno mepesi, kisha akae asikilize. Kazi yake ni kuwasha taa. Njia huchaguliwa na wasafiri.

Wako wasemao: "Mikutano yapoteza siku ya kazi." Ni kweli kwamba mikutano mingine haina utaratibu, huitwa saa tatu ikaanza saa sita, na msemaji mmoja akala muda wote. Hilo ni kosa la kurekebishwa, lakini si sababu ya kukaa nyumbani. Na tuhesabu pia siku zinazopotea kwa kutafuta maji mbali, kwa kugombana wakulima na wafugaji, na kwa kujenga upya daraja lililowekwa mahali pasipofaa. Siku nne za mkutano kwa mwaka hazifiki robo ya hizo.

Tena wako wasemao: "Mambo yamekwisha kuamuliwa juu, sisi twaitwa kupiga makofi." Hili ndilo neno zito kuliko yote, nasi hatutalifunika. Mahali pengine ni kweli. Karatasi ya mahudhurio hupitishwa kabla ya maneno, kisha husemwa kwamba kijiji kimekubali. Dawa yake ni nini? Si kususa, maana anayesusa humwachia nafasi yule yule anayemlalamikia. Dawa ni kuhudhuria kwa wingi, kutaka muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwa sauti, kutaka mapato na matumizi yatajwe, na kutaka kura zihesabiwe na kuandikwa. Watu kumi wakifanya hivyo huitwa wakorofi. Watu mia tatu wakifanya hivyo huitwa kijiji.

Wajibu wetu

Basi, kila mmoja ana lake la kufanya.

Viongozi wa vijiji na mitaa, watangazeni watu siku ya mkutano na mambo yatakayojadiliwa mapema, ili waje wakiwa wamefikiri. Chagueni saa ambayo mama mwenye mtoto mgongoni aweza kufika, na mahali ambapo mlemavu aweza kuingia. Mkishaamua jambo, rudini mkutano ufuatao mkaeleze limefika wapi. Hakuna kinachovunja moyo wa watu kama kuulizwa mara kumi na kujibiwa mara sifuri.

Akina baba, msiwazuie wake zenu na vijana wenu kuja mkutanoni, wala msidhani kwamba mmewasemea. Mama ndiye ajuaye ndoo imekuwa nzito kiasi gani tangu kisima cha karibu kikauke. Kijana ndiye atakayeishi na maamuzi haya kwa miaka mingi kuliko sisi sote. Jioni ya siku ya kuamkia mkutano, jamaa na ikae pamoja ijadili: kwetu hapa tumeona mabadiliko gani ya mvua? Ni nini kingetufaa? Nani atasema, na atasema nini?

Akina mama, msikae nyuma kimya. Sheria imewawekea nafasi katika halmashauri ya kijiji isiyopungua robo ya wajumbe wote, wala haikusema isizidi robo. Vijana, ninyi mliosoma, wasomeeni wazee barua na mikataba, neno kwa neno. Andikeni kumbukumbu za mvua za kwenu, tarehe kwa tarehe. Daftari la miaka mitano litakuwa shahidi mzuri mbele ya mtaalamu yeyote.

Nanyi mkaao mijini, msidhani haya ni ya vijiji tu. Mtaa nao una mkutano wake wa wakazi. Mfereji ulioziba kwa takataka, nyumba iliyojengwa juu ya njia ya maji, mti wa kivuli uliokatwa shuleni, hayo ni mashauri yenu. Watu wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wajua vizuri kwamba maji ya mvua hupita katika nyumba ya aliyehudhuria na ya asiyehudhuria.

Hatuwaahidi wasomaji wetu kwamba mkutano utaleta mvua. Mvua itakuja au haitakuja. Lakini itakapochelewa, kijiji kilichokaa pamoja kitakuwa na malisho yaliyofungwa kwa wakati, kisima chenye utaratibu, na majirani waliokubaliana. Na itakapozidi, kitakuwa na watu waliokwisha kuhama bondeni kwa hiari yao. Kijiji kilichowaachia wachache waamue kitakuwa na lawama tele, na lawama hazinywesheki ng'ombe. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Tangazo la mkutano ujao likibandikwa, tusipite bila kulisoma. Na siku ikifika, tuwepo sisi wenyewe, na wake zetu, na vijana wetu.